Usimcheke Anayejifunza



Saa kumi za alasiri, watoto wa Walungu, huku kwetu Kivu Kusini nchini Kongo, wakisharudi kutoka masomoni, njia zinazotoka upande wa soko la Mugogo hujaa mashati meupe na makelele. Nyumbani mama anamenya mihogo mbele ya mlango. Moshi wa jiko unapita katikati ya migomba. Mtoto wa miaka minane ameketi karibu naye, daftari magotini, anarudia somo la Kiingereza. Mwalimu amewaambia waeleze walichofanya jana. Mtoto anavuta pumzi, kisha anasema kwa sauti: "Yesterday I goed to the market with my mother." Kaka yake wa sekondari anaangua kicheko. Anamwambia hakuna neno kama hilo duniani, husemwa "went". Mtoto anafunga daftari, anainamisha kichwa, na jioni hiyo Kiingereza hakisikiki tena katika nyumba ile.

Jambo kama hili hupita bila mtu kulitilia maanani. Mihogo inaiva, watu wanakula, wanalala. Lakini leo nakuomba tukae hapo kidogo, wewe nami. Ni nini kilichotokea ndani ya mtoto huyu? Na sisi wakubwa tulio karibu naye, tumeitwa kumtendea nini?

Tuanze kwa kumtazama vizuri. Mtoto wa huku amezaliwa katika Mashi. Ndiyo lugha aliyobembelezewa. Akishuka Bukavu anasikia Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa letu pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba, na mara nyingi ndicho mwalimu wa darasa la kwanza hutumia kumfungulia masomo. Baadaye kinakuja Kifaransa, lugha rasmi ya nchi, lugha ya mitihani na ya ofisi. Kiingereza kwa kawaida hungoja sekondari, lakini wazazi wengi wa siku hizi hawataki kungoja. Wanajua kwamba mfanyabiashara wa Bukavu anafika Kampala na Nairobi. Wanakumbuka kwamba tarehe 8 Aprili 2022, mjini Nairobi, nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tena wengi wana ndugu waliokimbia vita na sasa wanaishi Uganda, Marekani, Kanada au Australia. Wajukuu wa huko wakimpigia bibi simu, maneno yao mengi ni ya Kiingereza, na bibi anatafuta mtu wa kumwelezea. Basi mtoto wa miaka minane anayethubutu kusema sentensi nzima katika lugha ya nne, je, hastahili kwanza heshima yetu?

Sasa tulitazame kosa lenyewe. Neno "goed" hakulisikia kwa mwalimu, wala hakulisoma kitabuni. Amelitengeneza mwenyewe. Alisikia "play" ikawa "played", akasikia "cook" ikawa "cooked" na "wash" ikawa "washed". Bila kuambiwa na mtu, akagundua kwamba jambo lililokwisha kupita hupewa mwisho huo. Kisha akaichukua kanuni hiyo na kuitumia kwa uaminifu kwenye "go". Amefikiri sawasawa. Ni kitenzi ndicho kinachokwenda njia yake.

Mwaka 1958 mtafiti wa Marekani, Jean Berko, aliwaonyesha watoto wadogo picha zenye viumbe na matendo ya kubuni, akayapa majina ambayo hawajawahi kuyasikia popote, halafu akawaomba wamalizie sentensi. Watoto waliweza kuweka katika wakati uliopita vitenzi ambavyo havikuwapo katika lugha yao. Ikaonekana wazi kwamba mtoto harudii tu alichosikia. Anabeba kanuni ndani yake. Na watoto hao walipofikishwa kwenye kitenzi cha kweli "ring", wengi wao walisema "ringed" badala ya "rang", kama yule wetu wa Walungu. Huku kwetu tunayasikia hayohayo katika Kifaransa: mtoto husema "j'ai prendu" badala ya "j'ai pris", na "vous disez" badala ya "vous dites". Akili inafanya kazi yake, nasi tunacheka.

Kuna jambo lingine linalowasumbua wazazi na walimu. Mtoto aliyekuwa akisema "went" vizuri kabisa, baada ya miezi anaanza kusema "goed". Anaonekana anarudi nyuma. Mzazi anajiuliza kama ada anayolipa inapotea bure. Lakini waliowachunguza watoto wanatuambia tusiogope. Mwanzoni "went" lilikuwa sauti aliyoishika kwa sikio tu. Sasa amegundua kanuni, na kwa furaha ya kuigundua anaipeleka kila mahali, hata pale isipotakiwa. Akizidi kusikia na kusema, "went" itarudi, na safari hii akijua anachosema.

Ndugu yangu, huenda na wewe umepitia hali kama hiyo katika imani. Ulipokuwa mdogo ulisali bila kusita, maneno yote uliyajua kwa moyo. Kisha ukakua, ukaona mateso, ukajiuliza maswali, na sala ikaanza kukukwama kooni. Ukadhani umerudi nyuma. Je, yawezekana kwamba uliacha kurudia na ukaanza kutafuta kuelewa? Usijihukumu haraka. Aliyekuanzisha safari hii hajakuchoka.

Nakupa na hesabu moja ndogo. Mwaka 1992 Gary Marcus na wenzake walichapisha uchunguzi wa maneno 11,521 ya wakati uliopita ya vitenzi visivyofuata kanuni, yaliyosemwa na watoto 83 katika mazungumzo yao ya kila siku. Walikuta kwamba kwa mtoto wa katikati, makosa kama "goed" ni kama mawili na nusu tu kwa kila mia. Mara nyingine zote mtoto amepatia. Watoto hao walizaliwa ndani ya Kiingereza, na wetu wanakisikia kwa saa chache, kwa hiyo wetu watakosea zaidi na watahitaji muda zaidi. Hata hivyo hesabu hiyo inatugusa. Sikio la mtu mzima hukamata kosa moja na kupita juu ya mengi yaliyo sawa. Si ndivyo tunavyowasikiliza hata wale tunaowapenda? Mume amerudi mapema siku nyingi, tunakumbuka siku aliyochelewa. Mama mkwe ametubariki mwaka mzima, tunashika neno moja alilolisema kwa uchungu.

Basi tumsahihisheje mtoto? Maana kumpenda si kumwacha katika kosa. Mwaka 1970 Roger Brown na Camille Hanlon walieleza walichokiona walipowasikiliza wazazi na watoto wao wadogo: wazazi walijali zaidi kama mtoto anasema kweli kuliko kama sentensi yake imepangwa vizuri. Na watoto waliendelea kujifunza. Mwalimu mwenye busara hufuata njia iliyo karibu na hiyo. Mtoto akisema, "I goed to the market," yeye hujibu kwa uso mkunjufu: "Oh, you went to the market! What did you buy?" Mtoto akisema, "I buyed bananas," mwalimu anapokea: "You bought bananas. Very good. And who carried them?" Mazungumzo hayakukatika. Hakuna aliyeaibishwa mbele ya wenzake. Maneno mawili sahihi yameingia sikioni, yamefuatana na tabasamu, na mtoto bado ana hamu ya kusimulia ndizi zake. Siku nyingine, darasa likiwa limetulia, mwalimu anaweza kueleza waziwazi kwamba vitenzi hivi havifuati kanuni na vinahitaji kushikwa kwa moyo. Ukweli haufichwi. Unangoja saa yake.

Ninapowaza juu ya njia hii, namwona Bwana wetu kando ya ziwa, baada ya kufufuka, na Petro mbele yake. Petro alikuwa amemkana mara tatu usiku ule wa mateso, karibu na moto wa makaa. Na sasa makaa yanawaka tena, na samaki wako juu yake, na mkate. Yesu hakumsomea mashtaka. Alimlisha kwanza. Kisha akamwuliza kama anampenda, akamwuliza tena, akamwuliza mara ya tatu, na kila alipojibu alikabidhiwa kondoo wa kuchunga. Mara tatu kinywa cha Petro kilikuwa kimetamka neno la kukana, na mara tatu kikapewa nafasi ya kutamka neno la upendo. Petro alihuzunika alipoulizwa mara ya tatu, maana kusahihishwa kunauma hata kunapofanywa kwa upole. Lakini aliondoka pale akiwa na kazi ya kufanya na kinywa cha kusema. Je, watu unaowasahihisha wewe, mwanao, mfanyakazi wako, mwenzako katika kwaya, huondoka hivyo?

Turudi kwa mwalimu na daftari lake, kwa sababu upendo unahitaji pia ujuzi. Walimu wengi hubandika ukutani orodha ndefu ya vitenzi na kudai yote yashikwe kwa juma moja. Watoto huchoka, na walio dhaifu hukata tamaa. Ni vema kuanza na vichache vinavyotumika kila siku: "be", "have", "do", "say", "go", "come", "see", "make", "take", "get". Hivi ni miongoni mwa vitenzi vinavyotumika kuliko vyote katika Kiingereza, na vyote havifuati kanuni. Halafu vikusanywe vile vinavyofanana kwa sauti: "sing" na "sang", "ring" na "rang", "drink" na "drank"; au "know" na "knew", "grow" na "grew", "throw" na "threw". Watoto wavisome kwa makofi, kwa mwendo, kwa kujibizana. Na vile visivyobadilika kamwe, kama "put" na "cut", vitawafurahisha kwa kuwapumzisha.

Lakini kuliko orodha zote, watoto wapewe kisa. Wakati uliopita ni wakati wa kusimulia, na mtoto hushika kitenzi anapokuwa na jambo la kweli la kusimulia. Huku kwetu visa vipo. Mtoto wa Walungu anaweza kufundishwa kwa sentensi fupi habari za Monsinyori Christophe Munzihirwa, aliyezaliwa mwaka 1926 huko Lukumbo, Burhale, katika wilaya yetu hii. Akawa Myesuiti, akawa askofu mkuu wa Bukavu mwaka 1994, akawaona wakimbizi waliovuka mpaka kwa maelfu, akasema kwa ajili yao na kwa ajili ya watu wake wakati kusema kulikuwa na hatari, na tarehe 29 Oktoba 1996 akauawa mjini Bukavu. Katika kisa hicho mtoto atakutana na "was", "became", "saw", "spoke", "gave". Atajifunza vitenzi vitano, na pamoja navyo atajua kwamba kilima anachokiona kila siku kilimtoa mtu aliyekuwa mwaminifu hadi mwisho.

Huenda ukauliza: kwa nini vitenzi hivi vikaidi vimebaki hivyo mpaka leo? Mwaka 2007 watafiti wa Harvard, wakiongozwa na Erez Lieberman, walivifuatilia vitenzi 177 visivyofuata kanuni katika Kiingereza cha kale. Kati ya hivyo, 98 tu ndivyo vilivyobaki na umbo lao. Vingine vimemezwa na kanuni, kimoja baada ya kingine. "Help" zamani ilikuwa na "holp". Leo ni "helped" kama vitenzi vingine. Na watafiti wakaona sababu: kitenzi kisichotumika mara kwa mara hupoteza umbo lake upesi, na kile kinachotumika sana hulihifadhi kwa karne nyingi. "Went", "came" na "said" hazikulindwa na sheria wala na wasomi. Zimelindwa na vinywa vya watu wa kawaida waliozitamka kila siku, jikoni, njiani, sokoni.

Hapa, mpendwa, ndipo nataka moyo wako usimame nami. Maana ndani yetu pia kuna kanuni iliyo rahisi sana: ukitendewa, lipa. Ukitukanwa, tukana. Ukinyimwa, nyima. Hata mtoto mdogo huijua bila mwalimu. Msamaha hautoki katika kanuni hiyo, na huwezi kuufikia kwa kuifuata. Ni kama kile kitenzi kisichofuata kanuni: lazima kwanza uusikie kwa mtu mwingine, uupokee kama ulivyo, kisha uutumie kila siku. Usipoutumia, moyo hurudi wenyewe kwenye kanuni ya kulipa, na hurudi taratibu, bila wewe kutambua. Petro alidhani kusamehe mara saba kunatosha, na Bwana akampa hesabu inayomfanya mtu aache kuhesabu. Alijua kwamba anayesamehe mara chache hatakuwa na msamaha siku atakapouhitaji zaidi.

Naandika haya nikijua ninawaandikia watu gani. Katika Walungu neno msamaha si neno jepesi. Tangu mwaka 1996 vita vimepita na kurudi katika vilima hivi. Wako kati yetu wanaokumbuka Kaniola, Mei 2007, watu walipouawa usiku katika nyumba zao. Wako mama zetu ambao majeraha yao yametibiwa katika hospitali ya Panzi, na yale ya ndani bado yanatibiwa. Simwambii yeyote kati yao asamehe leo kabla ya jua kutua. Msamaha haufuti ukweli, wala hauzuii haki kutafutwa mbele ya sheria. Mtoto anayejifunza wakati uliopita anahitaji kuweza kusema kilichotokea, kama kilivyotokea. Ninachoomba ni kidogo zaidi, nacho kiko ndani ya uwezo wetu: tuanze na yale ya kila siku. Kaka aliyekucheka. Jirani ambaye mbuzi wake aliingia katika maharagi yako. Ndugu aliyeahidi kutuma kitu akanyamaza. Tusamehe hapo, mara kwa mara, ili moyo uzoee. Na yale makubwa tuyaweke mikononi mwa Mungu, kwa saa yake na kwa nguvu zake.

Musa aliwaagiza wazazi wa Israeli wawafundishe watoto maneno ya Mungu wakiwa nyumbani na wakiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Hakutaja sherehe kubwa. Alitaja nyakati ambazo kila nyumba inazo. Hivyo ndivyo mtoto hujifunza kusema "went", na ndivyo hujifunza kusema "aksanti", "unisamehe", "nimekusamehe". Anaweza kuyasikia wapi maneno hayo, kama hayasikii kwako? Na je, ni lini mara ya mwisho mwanao alikusikia wewe, mtu mzima, ukimwomba mtu msamaha?

Ukiona umechelewa, usihuzunike kupita kiasi. Nabii Hosea anamwonyesha Mungu kuwa ndiye aliyemfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono, wala Efraimu hakujua kwamba Mungu ndiye aliyemponya. Hivyo ndivyo anavyotutazama. Anasikia sala zetu zilizokosewa na anajua tulichotaka kusema. Hachoki kuturudishia neno sahihi.

Basi nakuomba jambo moja kwa juma hili. Kila jioni, kabla ya kulala, mwite mtoto mmoja wa nyumbani akusimulie siku yake. Akitaka kusimulia kwa Mashi, msikilize. Akitaka Kiswahili au Kifaransa, msikilize. Akijaribu Kiingereza akakosea, nawe unakijua, mrudishie neno sahihi kwa upole na umwulize kilichofuata. Kama hukijui, usione haya. Sikio lako lenye subira linamfundisha kuthubutu, na mwalimu atamalizia. Wewe kaka au dada uliyecheka, nenda ukakae naye na daftari lake. Na wewe mwalimu mwenye darasa lililojaa na mshahara usiotosha, unayerudia "went" leo kama ulivyorudia jana, kazi yako Mungu anaiona. Mtu yeyote akikosea mbele yako juma hili, awe mdogo au mkubwa, mpe neno sahihi, na umwachie hamu ya kusema tena.